Zamu ya Bibi Bado

Katika kituo kile cha afya hapakuwa na mtu aliyemwita mkunga mkuu kwa jina lake. Wajawazito walimwita Sista wakiwa mbele yake, na Bibi Bado wakishavuka geti. Lakabu hiyo aliipata kwa jasho lake mwenyewe. Miaka nenda miaka rudi, mama akija amejikunja, mume kamshika mkono huu na mama mkwe mkono ule, begi la nguo za mtoto likiburutwa nyuma, Bibi Bado alimlaza, akampima, akavua glovu zake taratibu, kidole baada ya kidole, kisha akasema neno moja tu: "Bado." Basi. Mama anarudishwa nyumbani akatembeetembee, mume analirudisha begi begani, mama mkwe anaondoka akisonya. Wakirudi kesho yake inakuwa kweli ilikuwa bado, na Bibi Bado anawapokea kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Yeye mwenyewe alikawia kupata mimba. Alikuwa amekwisha kupokea watoto wa watu wa kujaza shule nzima, na baadhi ya watoto hao wamekwisha kumrudia na matumbo yao, ndipo Mungu akamkumbuka. Kifungua mimba, katika umri ambao wenzake walikuwa wanawaachisha ziwa vitinda mimba wao. Alilibeba tumbo lile kama bendera. Kazi hakuacha, na aliyemshauri akapumzike alijibiwa vibaya.

Shida ilikuwa moja. Kituo kilikuwa na wakunga wanne. Kulikuwa na yeye. Kulikuwa na Mama Pacha wa zamu ya mchana, mwandani wake tangu chuoni, walikolala chumba kimoja na kuazimana mpaka soksi. Kulikuwa na wa usiku, ambaye hahusiki na kisa hiki. Halafu, zamu ya asubuhi, chini ya Bibi Bado mwenyewe, kulikuwa na Mjomba.

Mjomba alikuwa mwanaume. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na hakuwa na lingine. Alikuja kutoka chuoni na cheti safi, sauti ya chini na mikono mipana ya mtu aliyezaliwa kukanda unga. Wiki ya kwanza wajawazito walijifunika mashuka mpaka machoni. Wiki ya pili mmoja wao akaamua kumwita Mjomba, wengine wakafuata, kwa sababu mwanaume ukishamfanya ndugu wa mama yako aibu inapungua nusu. Tangu hapo walimzoea, na wapo waliokuwa wakiuliza getini kama leo yupo.

Bibi Bado hakumzoea. "Mwanaume anajua nini cha uchungu?" alikuwa akisema. "Jino likimuuma analala siku tatu na kugawa urithi." Mjomba hakuruhusiwa kuzalisha bila yeye kusimama begani kwake akikohoa. Kila baada ya muda kijana aliuliza kwa adabu, "Dada, leo nishike mwenyewe?" Jibu mnalijua.

Siku moja, wakinywa chai, mtu wa maabara akamchokoza. "Sista, siku yako ikifika utazalishwa na nani?"

"Na Mama Pacha. Unataka nizalishwe na wewe?"

"Na ikiangukia zamu ya asubuhi?"

"Siku mwanaume yule atakaponizalisha mimi," akasema Bibi Bado, bila hata kushusha sauti, "punda atakuwa ameota pembe."

Mwanaume yule alikuwa amekaa pale pale na kikombe chake. Akapuliza chai, akasema, "Basi tumwombee huyo punda, dada. Pembe si kitu cha kulala nacho bila mazoea." Watu wakacheka mpaka chai ikawapalia. Bibi Bado hakucheka, na kabla ya jioni kauli yake ya punda ilikuwa imefika mpaka getini.

Ukweli ni kwamba hakumchukia kijana. Ukweli, ambao hakumwambia hata mumewe, ni kwamba aliona haya. Alikuwa amewaona wanawake wote wa mtaa ule katika hali ambayo mtu hana cheo: mke wa mkubwa na mke wa mbeba mizigo, wote wanalia sauti moja. Yeye hakuna aliyemwona. Mbele ya Mama Pacha angevumilia. Lakini alazwe juu ya kitanda kile mbele ya kijana anayemwagiza kila siku, apige kelele, aombe maji, halafu akirudi kazini amtume tena akaoshe trei? Kwa uso gani? Hapo ndipo roho yake ilipokataa.

Uchungu ulimwanza Jumatano asubuhi, akifunga vifungo vya gauni la kazi. Ulianzia kiunoni ukamzunguka mbele kama mkanda unaovutwa, akashika fremu ya mlango mpaka ukapita. Mumewe alikuwa akitafuta mguu wa pili wa kiatu. Alikuwa fundi seremala, na kitanda cha mtoto alikwisha kukipiga msasa mara nyingi mpaka kikakonda. Akainua uso.

"Mke wangu, ndiyo yenyewe?"

"Bado."

Akachukua msumeno wake akaenda kazini. Nani atabishana na mkunga juu ya jambo hilo?

Bibi Bado akapiga hesabu zake. Mimba ya kwanza, hatua ya kwanza peke yake humaliza mchana kutwa. Hayo aliyasema darasani kila wiki. Mjomba anatoka saa nane, Mama Pacha anaingia saa nane. Mtoto angekuja jioni, kwa heshima na taadhima, mikononi mwa mtu anayestahili. Kilichotakiwa ni kitu kimoja tu: mtu asijue kabla ya saa nane. Kubaki nyumbani haikuwezekana, maana mama mkwe alikuwa chumba cha pili na masikio yake hayakuwa na likizo. Angeguna mara moja tu, angebebwa mzobemzobe na kufikishwa kituoni, moja kwa moja mikononi mwa Mjomba.

Alimpigia Mama Pacha. Mama Pacha alikuwa amekaa kwenye mkutano wa wazazi, shuleni kwa wale mapacha wake, akinong'ona. "Vipi, imeanza? Niondoke?"

Hapo ndipo angeweza kusema ndiyo, na mimi ningekuwa sina cha kusimulia. Lakini ulimi una mazoea yake.

"Bado," akasema. "Nimekusalimia tu."

Darasa la wajawazito lilikuwa katika chumba kilichokuwa stoo zamani, kikinuka sabuni na maboksi. Kulikuwa na benchi ukutani, mkeka katikati, saa juu ya mlango, na meza iliyobeba vifaa vya mwalimu: mwanasesere wa jicho moja, na sweta kuukuu la shingo ndefu. Kwa vitu viwili hivyo Bibi Bado aliwafundisha wanawake kuzaa, na walielewa kuliko wangesoma kitabu.

Walikuwa wachache siku ile. Wa kukumbuka ni wawili. Mmoja alikuwa binti mshonaji, mimba ya kwanza, anayesikiliza kwa mdomo wazi na kushika kila neno kama anapimwa nguo. Mwingine alikuwa Mama Sita, mwenye watoto sita na wa saba tumboni. Yeye hakuja kujifunza. Alikuja kuwakimbia wale sita.

"Hatua ya kwanza," akaanza Bibi Bado, akimsukumia mwanasesere ndani ya sweta kichwa kikielekea shingoni. "Hii shingo ndiyo mlango wa kizazi. Mwanzoni ni mrefu, umefunga. Uchungu ukija unavuta. Ukija tena unavuta. Shingo inafupika, inalainika, halafu inaanza kufunguka polepole. Polepole, nimesema. Wengi wenu mtakuja mbio hapa mkidhani mtoto anatoka, kumbe..."

Uchungu ukaja. Akashika ukingo wa meza. Darasa zima likamtazama.

"Kumbe," akasema, "hamjui kupumua. Nitazameni. Vuta kwa pua. Toa kwa mdomo, ndefu, kama unapoza uji." Akavuta, akatoa, akavuta, akatoa, macho yamekaza kwenye saa. Nao wakavuta, wakatoa. Ulipopita akajifuta mdomo. "Mmeelewa?"

Walielewa. Baada ya muda si mrefu akasema warudie. Kisha warudie tena. Mara ya nne, Mama Sita aliacha kupumua akaanza kutazama. Alitazama kwa macho ya mtu aliyepika chungu hicho mara sita na anakijua kinapochemka.

"Mwalimu," akasema, "leo unafundisha kwa vitendo kwelikweli."

"Elimu bila vitendo ni porojo."

"Naona. Na jasho hilo nalo ni la vitendo?"

"Dirisha limefungwa."

"Liko wazi."

Mlango ukagongwa, akaingia Mjomba na kiti chenye mgongo. Bibi Bado akanyooka kama askari aliyeona mkubwa wake, akatabasamu, jambo ambalo lenyewe lilitosha kumtia mtu wasiwasi.

"Nani kakuagiza kiti?"

"Hakuna, dada. Nimepita dirishani nikaona umesimama muda mrefu."

"Nenda stoo ya mbele ukapange mashuka. Makubwa na madogo, mbalimbali."

"Nilipanga jana."

"Basi panga kwa rangi."

"Yote ni meupe, dada."

"Panga kwa weupe."

Mjomba akatazama vidole vya mkuu wake vilivyokuwa bado vimeng'ang'ania meza, akatazama saa, akaweka kiti chini bila kelele. "Haya, dada," akasema, akatoka. Bibi Bado akashusha pumzi. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini hiyo ni methali ya watu wenye maradhi. Yeye alikuwa mzima, alikuwa na darasa tu. Saa juu ya mlango ilisema imebaki mwendo wa saa mbili. Akaona ameshinda.

Akaendelea. Maumivu nayo yakaendelea, yakaacha kubisha hodi, yakawa yanaingia tu. Akafundisha akiwa amekaa, akafundisha akiwa ameinama, akafundisha akiwa ameegemea ukuta kwa kipaji cha uso, akidai kwamba hiyo nayo ni mbinu. Wanafunzi wakaegemea ukuta. Ukipita barabarani ukachungulia, ungedhani wanawake wale wote wametiwa adabu.

"Mwalimu, samahani," akasema binti mshonaji, kipaji ukutani. "Wiki iliyopita ulitufundisha kipindi cha mpito. Ulisema mwisho wa hatua ya kwanza, kabla ya kusukuma, mama anabadilika. Mpole anakuwa mkali, anagombana na kila mtu, anasema anataka kwenda nyumbani. Mimi nilikuwa najiuliza, mtoto yuko karibu kutoka, kwa nini huyo mama anataka kwenda nyumbani?"

"Kwa sababu ni mjinga," akasema Bibi Bado.

"Mjinga?"

"Mjinga. Na swali lenyewe la kijinga. Na sweta hili linanuka, limenuka tangu mwaka juzi, hakuna anayelifua. Na huyu mdoli wa jicho moja, nani alimleta? Kwa nini ananitazama? Mnapumua kwa kelele, mnanimaliza hewa. Darasa limekwisha. Nataka kwenda nyumbani."

Binti mshonaji akamtazama Mama Sita, Mama Sita akamtazama binti mshonaji.

"Mwalimu," binti akasema kwa upole mkubwa, "ndicho hiki?"

"Ndicho nini?"

"Kipindi cha mpito."

"Bado," akasema Bibi Bado, na chupa ya uzazi ikapasuka.

Maji yakatambaa mpaka kwenye mkeka, na kila mtu akainua miguu. Kosa lake lilikuwa kosa la mkunga, mtu mwingine asingeliweza. Mwanamke yeyote mwenye maumivu yale angeyaamini maumivu. Yeye aliamini mafunzo. Alijua mimba ya kwanza huchukua muda gani kwa kawaida, akasahau yale aliyoyaona kwa macho yake mara nyingi, kwamba mtoto hajasoma kanuni. Chumba cha kujifungulia kilikuwa ng'ambo tu ya ukumbi. Alijaribu kupiga hatua kwenda huko, mwili ukamjulisha kwamba safari hiyo imefutwa. Akapiga magoti juu ya mkeka, mikono juu ya kile kiti alicholetewa.

"Fungeni mlango," akasema.

Wakafunga. Wawili wenye matumbo makubwa zaidi wakauegemea kwa migongo yao. Mlango ukagongwa.

"Dada."

"Hakuna mtu."

"Dada, ni mimi."

"Najua ni wewe. Ndiyo maana hakuna mtu. Mashuka umekwisha kupanga?"

"Bado," akasema Mjomba.

Mama Sita akafunika mdomo kwa mkono.

"Nimepanga trei," sauti ikaendelea nyuma ya mlango, ile ya chini, isiyo na haraka. "Glovu ninazo, mashuka ya joto ninayo, mkasi umechemshwa. Nimekaa hapa ukumbini tangu uliponituma. Dada, naingia au siingii? Ukisema nisiingie siingii. Nitakaa hapa hapa nimwelekeze Mama Sita kwa mdomo."

"Mimi kuzaa najua," akasema Mama Sita, "kuzalisha sijui. Na kwa tumbo hili, mtoto akitua sakafuni tutatazamana tu."

Hapo Bibi Bado akaogopa. Si kwa mzaha, aliogopa kweli. Maumivu yalimjia yote kwa pamoja, na ndani yake kulikuwa na nguvu inayosukuma bila kumwomba ruhusa, na yote aliyokuwa akiyajua yalisimama mbali kama mashuka kwenye kamba ya jirani. Alikuwa mwanamke mwenye umri, na mtoto mmoja aliyemngoja nusu ya maisha yake, na mkeka uliolowa. Kitu kikienda kombo, mlango umefungwa kwa amri yake.

"Saa nane bado?" akauliza. Sauti ilitoka ndogo.

"Mbali, Sista. Na huyo hajui kusoma saa." Mama Sita akajivuta mpaka ukingo wa benchi, akamwekea mkono mgongoni. "Nilipokuja na wa nne nilikuwa nimejifunga kanga juu ya kanga, nakuonea haya wewe. Unakumbuka ulinambia nini?"

Bibi Bado alikumbuka vizuri sana.

"Ulinambia, mficha uchi hazai. Ukazichambua zile kanga moja moja kama vitunguu, na mimi nalia. Nilikuchukia mwezi mzima."

Mkuki kwa nguruwe. Bibi Bado akalaza shavu juu ya kiti, akangoja maumivu yapungue, hayakupungua. "Mwacheni aingie," akasema.

Mjomba alipoingia, jambo la kwanza aliloliona Bibi Bado ni uso wa kijana, na akautafuta ushindi ndani yake akaukosa. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Alikuwa na uso wa mtu aliye kazini. Akapiga magoti, akatandika shuka, akasema, "Pole, dada. Naweza kuangalia?" Aliuliza kwanza. Bibi Bado alijaribu kukumbuka kama yeye huwa anauliza kwanza, akaona afadhali asikumbuke.

"Angalia. Shuka jingine chini yangu. Mkono wa kushoto uwe..."

"Ndiyo, dada."

"Usivute kitu."

"Sivuti."

"Na ukiona..."

Sentensi iliyobaki ilitoka bila maneno. Ilisikika dirisha la dawa, ilisikika getini, na mzee aliyekuwa akipimwa presha chumba cha tatu akapimwa upya. Huyu ndiye aliyewaambia wanawake wote wa mtaa kwamba sauti haizai. Wengine wao walikuwa nje kwenye foleni siku ile, na walisikiliza kwa utulivu wa watu wanaopokea deni la zamani.

"Kichwa nakiona," akasema Mjomba. "Hatua ya pili, dada. Ukija tena, sukuma."

"Nasukuma. Wewe unaona nalala?"

Wajawazito walikuwa wamesahau kwamba wanaweza kuondoka. Hakuna aliyewaamuru, lakini Bibi Bado alipovuta pumzi walivuta, alipotoa walitoa, matumbo yao yakipanda na kushuka pamoja naye. Binti mshonaji alimpa mkono mmoja aubane atakavyo. Mkono wa pili ulishikilia lile sweta, shingo ya sweta imemvuka mwanasesere mpaka mabegani, maana alikuwa anafuatilia.

"Sasa acha kusukuma," akasema Mjomba. "Pumua fupi fupi, kwa mdomo."

"Siwezi. Anatoka."

"Bado, dada."

Bibi Bado akainua kichwa. Kijana hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anaitazama kazi yake, ile mikono mipana imetulia kama inashikilia yai.

"Bado kidogo. Mwache aje mwenyewe, usichanike. Bado... bado... niko hapa, namwona... bado... haya, dada. Sasa."

Neno lile lile. Miaka yote yeye alilitumia kuwafungia watu geti, na huyu alilitumia kumshika asianguke. Alipata nafasi ya kuliwaza hilo kwa muda wa pumzi moja tu, kisha mtoto akatoka, wa kike, amekunja uso kama aliyeamshwa mapema, akalia papo hapo kwa sauti ambayo hakuna aliyeuliza kairithi wapi.

Mjomba akampangusa, akamlaza kifuani kwa mama yake, akawafunika wote wawili kwa shuka la joto. Bibi Bado akalia. Alilia waziwazi, kamasi zikimtoka, mbele ya darasa lake na mbele ya mwanaume yule, na hakuona haya hata kidogo. Alizitafuta haya zile alizokuwa nazo asubuhi akashangaa zimekwenda wapi. Mtoto alikuwa mzito na wa moto. Alikuwa na masikio ya seremala.

"Haya," akasema hatimaye, akijifuta kwa kiganja, akirudiwa na ukubwa wake. "Nimemaliza. Nifunikeni vizuri, mniinue, na nyinyi mwende makwenu mkale."

"Bado," wakasema.

Walisema wote kwa pamoja, benchi zima, bila kupangana.

"Hatua ya tatu, Mwalimu," akaeleza binti mshonaji kwa heshima. "Kondo la nyuma. Ulisema watu wakishamwona mtoto wanaisahau, na hapo ndipo hatari ilipo."

Mjomba alikuwa amekwisha kuweka mkono juu ya tumbo la Bibi Bado, akilisubiri. Aliinamisha kichwa sana, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. "Wamefundishwa vizuri," akasema.

Kondo likaja lenyewe, zima, akalikagua pande zote mbili, na damu ikakata inavyotakiwa. Ndipo mama na mtoto walipobebwa wakapelekwa wodini, kitanda cha dirishani, na mtu akatumwa karakana ya useremala.

Mama Pacha aliingia saa nane kamili, mbio, kanga mpya kwapani, habari kazikuta getini zimeongezwa chumvi. Akamkuta mwandani wake ameketi juu ya mito, mtoto yuko ziwani. Mama Sita na binti mshonaji walikuwa bado wapo, wakidai wanatafuta kandambili zao.

"Shoga yangu," akasema Mama Pacha, akimbusu, akimbusu mtoto, "nilikuuliza niondoke, ukaniambia bado. Nani kakuzalisha?"

Wale wawili wakaacha kutafuta kandambili.

"Mkunga," akasema Bibi Bado.

"Mkunga gani? Mkunga ndiye mimi, naingia sasa hivi."

"Mkunga wa zamu."

Pembeni, penye sinki, Mjomba alikuwa ananawa mikono. Akafunga bomba, akabaki amesimama, mikono ikidondosha maji. Tangu aje kituoni, kinywani mwa Bibi Bado alikuwa ameitwa yule mwanaume, na huyu kijana, na wewe hapo.

"Na punda, Sista?" akauliza Mama Sita, bila kumtazama mtu.

"Mtafutieni kofia inayomwenea."

Mama Pacha alicheka mpaka akashika kitanda, kisha akakunja mikono ya gauni, akawa mtu wa kazi. "Haya, Mjomba, hongera sana. Sasa zamu yako imekwisha. Nikabidhi mgonjwa wangu, uende ukapumzike."

Mjomba akajifuta mikono, akachukua begi lake, akaja kando ya kitanda kuaga. Bibi Bado akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa imefika pale pale alipoiomba ifike tangu asubuhi, na imezidi kidogo.

"Bado," akasema.

"Bado nini tena?" akauliza Mama Pacha.

Bibi Bado akamtoa mtoto ziwani taratibu, akamfunga vizuri ndani ya kanga mpya, akamnyooshea Mjomba. "Hajambeba bila glovu," akasema. Mjomba akaweka begi lake chini.